Watoto Nje ya Geti

29 Julai

Shajara hii ni ya mwaka jana. Binti yangu Rosalia, anayefundisha Singida, alipewa na benki, hakuandika hata ukurasa mmoja, na alipokuja likizo akaniachia. "Andika humo, mama," alisema, "umpumzishe baba masikio." Siku hazilingani na tarehe. Hapa wamechapa Jumamosi. Nimefuta, nimeandika Jumatatu.

Leo godauni la Mzee Elimringi hapa Babati limefunguliwa. Msimu wa mbaazi umeanza. Mimi ndiye msimamizi wa akina mama wanaochambua. Wanakaa chini kwenye maturubai, kila mmoja na ungo wake, wanatoa vijiwe, maganda na punje zilizotobolewa na wadudu, na wanalipwa kwa gunia. Nakagua kazi yao, nasema gunia lipi limekubalika na nani arudi kesho. Najua nyuma yangu wananiita nyapara. Waite tu.

31 Julai

Upepo mkali kutoka mlima Kwaraa. Vumbi. Vumbi la mbaazi linawasha shingoni mpaka usiku.

3 Agosti

Nimeshamchoka Benadetha na msimu haujafika mbali. Yule mama mdomo wake haukauki. Leo amemsimamisha bosi mbele ya makuli akamwuliza kwa nini choo cha wanaume kiko wazi na cha wanawake kimefungwa kufuli, mpaka tukaombe ruhusa dukani ng'ambo ya barabara. Bosi akacheka, akasema ataangalia. Nilimvuta pembeni nikamwambia afunge mdomo, atatuharibia. Akanitazama kama mtu anayetazama mzani mbovu.

8 Agosti

Nanenane. Nchi nzima imepumzika, sisi tumechambua.

16 Agosti

Leo kumetokea jambo.

Mnunuzi amekuja kutoka Dar kuangalia mzigo kabla hajaweka oda. Kijana msafi, viatu vyeupe. Bosi alikuwa anamzungusha, anamwonyesha magunia yaliyokwisha kuchambuliwa, na mimi nafuata nyuma. Tulipofika kwenye rundo la mbaazi safi, pale juu kabisa, kulikuwa na nepi. Imelowa. Mtoto wa mtu alikuwa amebadilishiwa hapo na mama yake akasahau, au mtoto mwenyewe aliivuta akaitupa. Mnunuzi alifuta mikono kwenye suruali ingawa hakuwa ameshika kitu.

Alipoondoka bosi aliniita ofisini. Hakupiga kelele. Mzee Elimringi si mtu wa kelele. Ametoka Moshi kijana akiwa na baiskeli tu, biashara ameijenga kwa kutabasamu. Pasaka anatugawia sukari. Mwaka juzi nilipofiwa na mama yangu alitoa gari lake kubeba jeneza mpaka Mbulu.

"Mama Valence," alisema, "kuanzia Jumatatu mtoto asivuke geti langu."

"Wanaonyonyesha je, bosi?"

"Wakanyonyeshe kwao. Mimi nauza chakula, siendeshi chekechea. Na hilo nakuachia wewe. Wewe ni mama, watakusikiliza."

Nikasema sawa. Na niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunisoma: sikuona vibaya. Lile vumbi si la kukalisha mtoto. Watoto wanakohoa pale ukutani kama vizee. Mimi nilizaa watano na hakuna hata mmoja niliyempeleka kazini. Mama mkwe aliwashika wote.

19 Agosti

Nimesimama getini na Egidius, mlinzi, tangu jua halijatoka. Waliokuja na watoto mgongoni niliwarudisha mmoja mmoja. Wengine walitukana kwa Kiiraqw wakidhani sisikii, na mimi ndiyo lugha niliyonyonya.

Aliyenisumbua ni Irine, binti mdogo anayekaa Maisaka huku juu. Ana mtoto wa miezi saba, Jesse, na binti wa darasa la kwanza, Romana. Mumewe alikwenda machimboni Mirerani, na simu yake haipatikani tangu Kwaresima. Irine hakutukana. Alisimama tu.

"Mama Valence, nimwache na nani?"

"Huna jirani, mwanangu?"

"Yupo."

"Basi."

Akaondoka. Baadaye kidogo alirudi mikono mitupu, mgongo umenyooka, akachukua ungo wake.

22 Agosti

Godauni kimya. Kazi inakwenda haraka, bosi amefurahi, ameninunulia soda. Mchana nimeona maziwa yamelowesha gauni la Irine mbele. Alijifunga kitenge juu yake akaendelea kuchambua.

26 Agosti

Leo wakati wa kula Baba Valence ameniuliza, "Wale watoto wa godauni wako wapi siku hizi?"

"Kwao."

"Na nani?"

Nikamwambia ale, ugali unapoa.

2 Septemba

Upepo. Malori matatu. Magoti yananiuma.

5 Septemba

Nimerudi sasa hivi kutoka hospitali.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida. Ilipokaribia saa nne Egidius akaniita getini. Kijana wa bodaboda alikuwa amekuja, amempakia mama mmoja aliyevaa kanga za msibani. Mama huyo akasema, "Namtaka mama yake Romana. Mtoto ameungua, yuko hospitali." Sikumaliza kugeuka, Irine alikuwa amekwisha nipita. Sijui alisikiaje na mashine ya kupepeta ilikuwa inanguruma.

Nilipanda naye bajaji. Njia nzima hakulia. Alikuwa anasema, "Yupi? Yupi?" na yule mama wa bodaboda yuko mbele, hawezi kumjibu.

Ni Jesse. Jirani anayewaangalia, huyo wa bodaboda, alikuwa amekwenda kwenye mazishi. Anasema siku zote anakuwepo, ni leo tu. Akamwachia Romana. Mtoto mdogo alilia njaa. Romana, ana miaka sita, akaamua kumpashia uji. Akawasha jiko la mkaa mwenyewe, kama anavyoona mama yake akiwasha. Uji ulipochemka akashika sufuria kwa upande wa sketi, ikamponyoka. Jesse alikuwa ameketi karibu. Umemmwagikia paja lote na ubavu wa chini.

Sitaandika alivyokuwa. Nimeona watoto wengi wameumia, lakini sikuwahi kumwona mtoto amechoka kulia.

Nesi alituweka nje. Irine alikaa sakafuni, si kwenye benchi. Maziwa yalianza kumtoka aliposikia sauti ya mtoto ndani, akaweka mikono yake kifuani akayabana, na bado yakatoka. Nilimshika bega. Nilisubiri anisukume. Nilitamani anisukume.

Daktari alitoka akasema jeraha halikufika ndani sana, atapona, ila atalazwa na kovu litabaki. Irine akainama akashukuru. Kisha akanigeukia.

"Mama Valence," alisema, "nafasi yangu utaniwekea? Nikikosa siku mbili tatu hutampa mtu?"

Hilo ndilo aliloniambia. Hilo tu.

6 Septemba

Nilimwambia bosi. Alisikitika kweli, alivua hata miwani. Akatoa hela ya dawa akaiweka kwenye bahasha, akaniambia nimpelekee na pole zake. Nilipofika mlangoni akasema, "Lakini ilitokea nyumbani kwake, sivyo? Si hapa kwangu."

"Nyumbani kwake, bosi."

"Ee. Maana watu wanaongea."

8 Septemba

Baada ya misa nilikwenda kwa Irine. Yeye yuko hospitali. Pale nyumbani nilimkuta jirani yule na Romana. Jirani hakuweza kunitazama. Romana alikuwa nyuma ya nyumba anapanga vijiti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona Alhamisi nimeambiwa hukuwa shule?"

"Siendi siku hizi. Namshika Jesse." Akapanga kijiti kingine. "Mimi ndiye niliyemuunguza."

Nikamwambia hapana, wewe ulikuwa unampa chakula. Akafikiri kidogo.

"Na akitoka hospitali nani atamshika?"

Sare yake ilikuwa imening'inia kwenye msumari ukutani, imefuliwa, imekunjwa mkono mmoja. Jirani akaniambia hajaivaa tangu watoto walipokatazwa godauni. Asubuhi jirani huenda kwanza shambani kwake, na mpaka arudi lazima awepo mtu na Jesse. Mtu huyo ni Romana.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Njiani nilikuwa najiuliza ni wangapi. Wale wote niliowarudisha getini, kila mmoja ana Romana wake mahali.

12 Septemba

Irine amerudi kazini. Usiku analala hospitali na mtoto, mchana mama yake mdogo kutoka Dareda anakaa naye. Nafasi yake nilikuwa nimeiweka. Alinishukuru. Afadhali angenitemea mate.

15 Septemba

Sala ya jumuiya ilikuwa kwa akina Aminiel. Baada ya sala Benadetha alinifuata mpaka njiani.

"Jumatano jioni tunakutana kwangu. Njoo."

"Kufanya nini?"

"Kunywa chai."

"Mimi ni msimamizi, Benadetha. Nikionekana kwako bosi atasema nini?"

"Atasema Mama Valence amekunywa chai."

18 Septemba

Nimekwenda. Nilimwambia Baba Valence nakwenda kumjulia hali mgonjwa, na yeye akasema, "Mgonjwa huyo ni Benadetha?" Hakuna siri katika nyumba hii.

Niliogopa kukuta kelele. Kumbe Benadetha kwake ni mtu mwingine. Alikuwa anamimina chai, anapitisha mihogo, anamsikiliza kila mmoja mpaka amalize. Akina mama walinyamaza nilipoingia. Yeye akanisogezea kigoda, akaendelea kana kwamba nilikuwepo tangu mwanzo.

Alikuwa amemleta msaidizi wa kisheria, dada mmoja anaitwa Martha, anayesaidia wanawake wa mjini kwenye mambo ya mirathi na ndoa. Mpole, anaongea taratibu. Alisema sheria ya kazi inamtambua mama anayenyonyesha, kwamba mwajiri ampe muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hata kufikia saa mbili kwa siku.

"Hiyo ni ya wenye ajira," nilisema. "Hawa ni vibarua."

"Ndivyo bosi atakavyosema," Martha akajibu. "Mtu anayekuja kila siku, msimu mzima, mwaka baada ya mwaka, kwa ratiba anayopangiwa, tutamwomba afisa kazi atuambie huyo ni nani. Lakini msisubiri ofisi peke yake. Nyie wenyewe mnataka nini? Kitu gani hasa?"

Hapo Irine, ambaye sijawahi kumsikia akisema mbele za watu, akasema, "Kile chumba cha mzani wa zamani. Kiko karibu na geti, vumbi halifiki. Kina magunia mabovu tu. Tukipewa hicho, na mama mmoja akae na watoto, bosi amlipe, na sisi tutoke kunyonyesha zamu kwa zamu. Na nepi haitafika kwenye mbaazi kamwe."

Alikuwa amelifikiria lote. Hospitali, usiku, nadhani.

"Na choo," Benadetha akasema. Watu wakacheka.

Wakati wa kuondoka nilimwuliza Benadetha kwa nini anahangaika hivi, wanawe wameshaoa na kuolewa. Akashangaa.

"Kwani wewe mpaka ubebe mtoto mgongoni ndiyo uone mzigo?"

23 Septemba

Akina mama watano wamekwenda ofisini kwa bosi, Irine akiwa wa mbele. Nilikuwa nimesimama mlangoni na magunia yangu ya kukagua, nasikia. Walisema vizuri, kwa adabu. Bosi akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Mmesema. Sasa na mimi niseme. Hapa sina mwajiriwa hata mmoja wa kuchambua. Nina vibarua. Asiyeridhika, geti haliko mbali."

27 Septemba

Jesse ametolewa hospitali. Irine amemrudisha kwa jirani. Romana bado nyumbani.

1 Oktoba

Martha amepeleka malalamiko ofisi ya kazi. Wamemwambia watakuja. Hawakusema lini.

7 Oktoba

Joto. Mawingu yanakuja mchana, yanakaa juu ya ziwa la Babati, yanaondoka.

Bosi ameniita. "Kesho usimpe nafasi Benadetha. Na yule binti aliyeunguza mtoto."

"Mtoto aliungua, bosi. Hakumuunguza yeye."

"Umenisikia."

Nilimsikia. Nimeketi hapa mezani sasa nafikiri. Kazi hii ndiyo inayotusukuma mpaka mavuno mengine, tangu Baba Valence aache kuendesha lori kwa sababu ya macho. Nimemweleza. Akaniuliza, "Tulikula nini kabla ya Elimringi?"

"Maboga," nikamwambia.

"Nayapenda maboga."

8 Oktoba

Nimewapa nafasi wote wawili. Bosi alipowaona aliniuliza mbele ya makuli, "Nani bosi hapa?" Nikasema, "Ni wewe, bosi. Lakini kwa kuchambua hakuna wanaowazidi hawa, na oda ni ya mwisho wa mwezi." Ni kweli na yeye anajua. Akaingia ofisini. Sijui kesho.

9 Oktoba

Bado nina kazi.

14 Oktoba

Siku ya Nyerere. Nimefua.

19 Oktoba

Mbaazi za mwisho zimefika kutoka milimani, zina unyevu. Tumezianika uwanjani kwenye maturubai, uwanja mzima njano. Malori ya mnunuzi yanakuja wiki ijayo. Bosi halali, anatazama anga. Ofisi ya kazi haijaja. Akina mama wananong'ona na nikikaribia hawanyamazi tena, wanaendelea.

22 Oktoba

Nataka niandike yote kabla sijalala, hata kama mkono utauma.

Nilifika getini nikakuta wote wamekaa nje. Wote, hata wasio na watoto. Wametandika kanga kando ya ukuta, watoto wapo, wanatambaa, wananyonya, mmoja anakula mchanga. Irine yupo na Jesse mapajani, paja lake limefungwa bandeji safi. Hawakuimba wala kubeba bango. Benadetha alikuwa anasuka ukili.

"Shikamoo Mama Valence," wakasema wadogo.

"Marahaba. Hamwingii?"

"Tunaingia," Irine akasema, "wote au hakuna."

Egidius alinifungulia nikaingia ndani peke yangu. Godauni tupu linatoa mwangwi. Bosi akaja, akachungulia nje, akarudi amekunja uso.

"Nenda stendi ukatafute wengine. Babati hii haikosi watu."

Sikuondoka.

"Mama Valence."

Mimi si mtu jasiri. Nilikuwa nawaza bili ya macho ya Baba Valence na ada ya kitindamimba wangu. Lakini pia nilikuwa nimesimama upande ule ule wa geti nilipowarudisha Agosti, na miguu haikukubali kuwa hapo tena. Nikamwambia, "Bosi, mimi nitakaa nao kidogo." Nikavua koti langu la usimamizi nikalitundika kwenye mlango, nikatoka. Benadetha akasogea. Hakusema kitu, jambo ambalo kwake ni muujiza. Irine akanipa Jesse nimshike. Ni mzito, mtoto anayekula.

Jua likapanda. Bosi akapiga simu, akazunguka, akapiga simu. Makuli watatu walikuwa ndani hawana cha kubeba.

Mchana upepo ukageuka. Nilisikia baridi shingoni kabla sijaona. Kwaraa ilikuwa imekwisha kufunikwa, nyeusi mpaka chini, na harufu ya udongo uliolowa ikatufikia. Bosi akatoka mbio uwanjani. Zile mbaazi zote za milimani ziko chini, wazi. Zikinyeshewa zinageuka rangi, zinaota ukungu, na mnunuzi mwenye viatu vyeupe hatazitazama mara mbili. Akashika pembe ya turubai, makuli wakashika nyingine, wakavuta. Moja. Na mengine yamejaa uwanja.

Akina mama wote walisimama. Mikono yetu inaijua kazi hiyo, ilitaka kwenda yenyewe. Mama mmoja alianza kuingia. Benadetha akamshika mkono.

Tone la kwanza likaanguka. Kubwa. Nililisikia kwenye bati.

"Jamani!" bosi akapaza sauti. Ni mara ya kwanza kumsikia. "Jamani, mvua!"

Irine akasogea mpaka kwenye nondo za geti. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Bosi. Chumba?"

Akamtazama. Akatazama anga. Mvua ikaanza kunong'ona kwenye majani ya migomba ya jirani, inakuja.

"Chukueni chumba!"

"Na mtu wa kukaa nao? Na muda wa kunyonyesha?"

"Vyote! Chukueni! Fungua geti, Egidius!"

Tuliingia kama mafuriko. Watoto tuliwarundika kwenye chumba cha mzani, na mama wawili wakabaki mlangoni. Sisi wengine tulikunja maturubai, tukavuta, tukakokota. Benadetha alianguka kifudifudi akainuka anacheka na mbaazi zimejaa mdomoni. Bosi mwenyewe alikuwa anavuta upande mmoja na mimi upande mwingine, shati limelowa, hatusemezani. Turubai la mwisho liliingia mvua ikiwa imeshashuka yote. Tulisimama mlangoni tunahema, tunaitazama, na nyuma yetu watoto wote wanalia kwa pamoja.

Sikujua kilio cha watoto kinaweza kupendeza hivyo.

23 Oktoba

Nilijua haitakuwa rahisi. Asubuhi bosi alituita wote uwanjani. Amenyoa, shati jipya. Akashukuru kwa moyo wa jana. Kisha akasema chumba atakifikiria msimu ujao, kwa sasa kina vitu.

"Jana ulisema chukueni," Irine akasema.

"Jana ilikuwa mvua, binti. Mtu kwenye mvua anasema mengi. Nilisema tujikinge mvua humo." Akanigeukia, anatabasamu lile tabasamu lake. "Mama Valence ni mtu mzima, alikuwepo. Mama Valence, nilisema nini?"

Kila mtu alinitazama. Nilikumbuka jeneza la mama yangu juu ya gari lake, barabara ya Mbulu, alivyoendesha polepole. Bado namshukuru kwa hilo na nitamshukuru daima.

"Ulisema vyote, bosi. Chumba, mtu wa kukaa na watoto, na muda wa kunyonyesha. Uliulizwa ukajibu. Egidius alisikia, makuli walisikia. Afisa kazi akija akiniuliza, nitamwambia hivyo hivyo."

Tabasamu likabaki mdomoni lakini machoni likaondoka. Akatazama makuli. Mmoja wao, yule mrefu ambaye haongei, akakuna kichwa akasema, "Kweli ulisema hivyo, bosi."

Mzee Elimringi akakigeukia chumba cha mzani. Mwisho akasema, "Haya. Toeni yale magunia mabovu."

25 Oktoba

Afisa kazi amekuja, na Martha. Afisa ni mama wa makamo, hakunywa hata soda. Aliuliza maswali, akaandika, akaangalia chumba tukiwa tunakipaka chokaa, akaangalia choo cha wanawake, akamwomba bosi ufunguo. Bosi akautafuta mifukoni kama mtu aliyesahau kwamba mlango huo upo. Kuhusu kibarua ni nani na mwajiriwa ni nani, amesema ataandika rasmi. Martha anasema hilo litachukua muda, na yeye atalifuatilia.

Malori ya mnunuzi yamepakia jioni. Mzigo wote umekubaliwa.

28 Oktoba

Chumba kimeanza. Mama yake Aminiel, ambaye mgongo haumruhusu tena kuchambua, ndiye anayekaa nao. Watoto wanamwogopa na kumpenda. Irine alitoka kunyonyesha asubuhi na tena mchana, na gauni lake lilikuwa kavu. Saa moja asubuhi Romana alipita getini na sare, soksi moja juu moja chini, akaniamkia haraka haraka kwa sababu anachelewa.

30 Oktoba

Bosi hanisemeshi zaidi ya kazi. Lakini leo nimemwona amesimama kwenye mlango wa kile chumba, mikono nyuma, anamtazama mtoto mmoja anajifunza kusimama. Mtoto akaanguka. Bosi akasema "pole" na kuondoka.

4 Novemba

Mvua. Mbaazi zimebaki kidogo.

9 Novemba

Leo tumefunga msimu. Jioni, nikiwa nafagia, mama mmoja nisiyemfahamu alisimama getini amelowa, mtoto amemfunika kwa nailoni. Anafanya kazi kwenye ghala la vitunguu upande wa Sigino. Amesikia habari zetu sokoni.

"Bosi wenu ni mtu mwema sana, eti?"

Nikafikiri namna ya kumjibu kwa haki.

"Ni bosi wa kawaida," nikamwambia. "Sisi tulikuwa wengi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. Akasema wenzake wamekusanyika nyumbani kwa mmoja wao, hawajui waanzie wapi, wanaogopa. Akaniuliza kama naweza kwenda kuwaeleza.

"Lini?"

"Wapo sasa hivi, mama. Wanasubiri."

Mvua ilikuwa bado inanyesha. Nilimpigia Benadetha simu, akaniambia nimpitie. Nikamwambia Egidius afunge, nikachukua mwavuli, tukatoka.